Leso Tumboni mwa Mtumbwi

Saa kumi na moja na robo alfajiri, siku ya Jumanne, Nthiwa alikuwa akipima rezini, ile gundi nzito ya kuzibia bampa, kwa kikombe alichokikata kutoka kwenye chupa ya maji. Vikombe viwili vya rezini, kikombe kimoja cha ile dawa ya kuikausha ambayo mafundi huiita hadina. Alikoroga polepole kwa kijiti, maana ukikoroga kwa pupa unatia povu, na povu likikaukia ndani ya kitambaa halitoki mpaka ulisugue kwa msasa huku ukijilaani. Alitaka kumaliza kabla ya jua kupanda. Kusini mwa Kitui rezini haingoji mtu. Ikipata joto huchemka ndani ya ndoo, hufuka moshi, kisha hugeuka jiwe na kijiti chako kikiwa katikati.

Mtumbwi ulikuwa umepinduliwa juu ya mapipa mawili mbele ya nyumba yake, tumbo juu, mwendo wa dakika kumi kutoka mto Ngaani. Kiunzi kilikuwa cha fito na mbao nyembamba, urefu wa hatua sita. Majirani walikuwa wamekwisha kuutania hadi wakachoka. Misimu mitatu ilikuwa imepita bila mvua ya maana, mbuzi walikuwa wakila maboksi, na hapa mtu mzima amefunga kibanda chake huko Sultan Hamud akarudi nyumbani kutengeneza chombo cha majini. "Nuhu naye alichekwa," alisema mmoja wao, "lakini Nuhu angalau aliambiwa."

Nthiwa hakuambiwa na mtu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameziba bampa za malori kando ya barabara ya Mombasa, na jambo alilolijua kuliko mengine yote ni kwamba faiba, kile kitambaa cha nyuzi za kioo, na rezini vikishikana havipitishi maji. Binti yake Mutindi, ambaye mumewe alikuwa utingo wa lori la masafa na hakuwa nyumbani, angejifungua mwezi wa Novemba. Novemba ndio mwezi ambao Ngaani hujaa. Hospitali iko ng'ambo, na daraja liko ubaoni.

Ubao huo ulisimama ukingoni, rangi ya samawati na nyeupe, na ulisema kwamba daraja la Ngaani limekamilika. Kando yake palikuwa na rundo la kokoto ambalo sasa limeota kichaka. Nthiwa alikuwa amefika kuuliza kwenye ofisi iliyousimamisha ubao, akaonyeshwa picha ya daraja zuri lenye ng'ombe wawili wakivuka, ng'ombe wanene ambao hakuna mtu wa Ngaani aliyewahi kuwaona. Alielezwa kwa upole kwamba mahali penye daraja lililokamilika hapawezi kuombewa daraja jingine. Alishukuru, akarudi.

Mkewe, Ndunge, alikuwa amechukuliwa na mto huo Novemba ya miaka miwili nyuma. Alitoka kwenda kuchukua dawa zake za presha, akaona maji yanafika magotini tu, akaingia. Mkoba wake ulipatikana umenaswa kwenye mgunga. Mwenyewe hakupatikana. Siku hiyo Nthiwa alikuwa Sultan Hamud akipaka bampa rangi ya bluu, na tangu siku hiyo hakupaka tena bluu ile.

Sasa, Jumanne hiyo, alitandaza faiba juu ya mbao, akamwaga rezini, akaisambaza kwa kipande cha jerikeni alichokinoa kingo. Kitambaa cheupe kikinywa rezini hupotea machoni, mbao ikaonekana chini yake kana kwamba hakuna kitu. Tabaka la kwanza lilikwenda vizuri. La pili liliisha kabla ya tumbo kuisha. Lilipungua hatua moja na nusu, mahali penyewe ambapo mtumbwi hukwaruzana na mawe. Fundi wa barabarani hukadiria kwa macho, kwa sababu bampa husamehe. Nthiwa alisimama na ndoo mkononi, akahisi inapata moto, akaona moshi mwembamba ukianza kupanda.

Vifaa vyake alikuwa amevipanga juu ya sanduku la Ndunge, alilolitoa nje ili litumike kama meza. Alilifungua. Juu kabisa palikuwa na leso ya manjano yenye maua meusi na maneno *Subira yavuta heri*, imekunjwa vile Ndunge alivyoikunja. Aliikata mara mbili kwa mkasi, akailaza penye pengo, akaimiminia rezini yote. Ilishika. Maua yaling'aa, maneno yakasomeka vizuri kuliko yalivyosomeka dukani.

Alijua alichofanya. Kule Ngaani nguo za marehemu hugawiwa baada ya mazishi, na asiyezikwa hajawa marehemu. Nguo zake ni zake. Hazivaliwi na mtu, hazikatwi, hukunjwa tu zikangoja pamoja naye. Lakini ndoo ilikuwa ikichemka, na mtu mwenye ndoo inayochemka hana muda wa mila.

Ndunge alikuja saa kumi na mbili na nusu jioni. Alitokea njia ya mtoni, akiwa na rinda lake la kahawia na kiatu kimoja, na maji yalikuwa yakimchuruzika kutoka kichwani hadi chini. Aliuzunguka mtumbwi mara moja. Kisha akaparamia, akaketi juu ya tumbo la mtumbwi, pale penye manjano.

"Umekata leso yangu," alisema.

"Faiba iliisha."

"Si ungeuliza?"

"Ningekuuliza wapi, Mama Mutindi?"

"Ungekuja mtoni uulize."

Katika miaka miwili Nthiwa alikuwa hajakwenda mtoni hata siku moja kuuliza chochote. Alikwenda ofisini.

Mutindi alitoka nje ameshika mgongo, tumbo likiwa mbele. Alimwona mama yake, akaegemea mlango kwa muda. "Mwaitu, nikuletee chai?"

"Wacha tu, mwanangu. Niko na maji ya kutosha."

Walikaa hivyo, watatu, mpaka giza likaingia, wakizungumza habari za mbuzi na za mguu wa Mutindi uliokuwa ukivimba. Asubuhi Ndunge hakuwepo. Rezini ilikuwa imekauka ikiwa na alama ya makalio yake, nayo Nthiwa hakuisugua.

Habari ilifika kwa majirani kabla ya chakula cha mchana, na jioni Ndunge aliporudi walikuja kumsalimu. Walimwambia nani ameoa na ng'ombe wa nani wamekufa kwa ukame. Pasta Kitonga naye alikuja, akafikiri kwa siku tatu, kisha Jumapili akafundisha kwamba Maandiko yanakataza kuwaita wafu, lakini huyu hakuitwa na mtu. Amekuja kwa ajili ya nguo yake, na suala la nguo ni la familia. Waumini waliitikia amina. Baada ya ibada mama yake Muthoki alimfuata Nthiwa hadi nyumbani akiwa na mfuko wa karatasi.

Ndani ya mfuko mlikuwa na sketi ya shule. Muthoki alichukuliwa na Ngaani akiwa kidato cha nne, asubuhi ya mtihani wa hesabu, na sketi hiyo ya pili ilibaki kwenye kamba ya nguo.

"Bado ndani hujapiga faiba," mama alisema.

"Bado. Na pesa za faiba ziliisha."

"Basi piga hii."

Walifuata wengine. Koti la mzee Munyao, aliyezama na beberu wake akielekea mnadani Mutomo. Shuka ya mume na mke waliokuwa wakimpeleka mtoto kliniki, na ya mtoto, ndogo, yenye sungura. Mwenye hoteli ya chai alileta kikoi cha Abdiaziz, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Garissa, ambaye aliacha mzigo wake hotelini akisema atarudi jioni. Mwenye hoteli alikuwa amekitunza kikoi hicho miaka sita na hakuwahi kumdai kodi ya chumba.

Nthiwa aliugeuza mtumbwi, akaupiga msasa ndani, akalaza nguo moja baada ya nyingine. Alifanya kazi alfajiri, ndoo ndogo ndogo, bila haraka, kwa sababu mara hii alikuwa akijua anachokifanya. Zilipokunywa rezini zilipotea machoni kama faiba. Ila chini yake hapakuonekana mbao. Palionekana maji, ya rangi ya chai ya maziwa, yakienda mbio, na mara moja moja tawi likipita. Nthiwa aligonga kwa kidole. Palikuwa pagumu. Alitafuta mapovu ya hewa, hakuyaona, akaridhika.

Tangu hapo walikuja wote saba kila jioni, wakaketi ndani ya mtumbwi juu ya mapipa, kila mmoja penye nguo yake. Mzee Munyao alilalamika kwamba amepewa nafasi ya nyuma. Abdiaziz alishuka wakati wa swala ya magharibi, akaswali mchangani, akapanda tena, na hakuhitaji maji ya kutawadha. Walichuruzika bila kukoma. Kwa kuwa ulikuwa mwaka wa shida, wanawake walianza kutega mabeseni chini ya mtumbwi, na kila nyumba ilipata jerikeni moja ya kufulia na kunyweshea mbuzi. Mama yake Muthoki peke yake hakuteka. Alikaa karibu na binti yake mpaka giza, kisha akaenda kununua maji yake kwa mkokoteni kama zamani.

Nthiwa alikuwa na furaha, na ni afadhali lisemwe waziwazi. Katika ndoa ya miaka ishirini na tisa alikuwa amelala nyumbani wikendi mbili kwa mwezi. Sasa alikuwa na mke kila jioni.

Mvua ilinyesha tarehe kumi na moja Novemba, mbali, upande wa vilima, na Ngaani ikashuka siku iliyofuata saa tatu asubuhi ikiwa na sauti ya lori lililokosa breki. Wakati huohuo Mutindi alishikwa na uchungu. Nthiwa alikuwa amejiandaa. Kamba nene ilikuwa imefungwa kutoka mti wa ukingo huu hadi mti wa ng'ambo ili avute mtumbwi kwa mikono, na ng'ambo palikuwa na bodaboda aliyepigiwa simu. Wanaume wanne waliubeba mtumbwi hadi majini. Wale saba walikuwa tayari wamo ndani, ingawa ilikuwa asubuhi.

Mutindi aliwekwa katikati. Nthiwa alishika kamba, akavuta. Mtumbwi uliokuwa ukielea haukwenda. Alivuta tena, akawaita wale wanaume, wakavuta watano, kamba ikalia, mtumbwi ukabaki pale pale na maji yakipita pande zote mbili.

"Tafadhali shukeni kidogo," Nthiwa aliwaambia wale saba. "Niwahi kumpeleka huyu, nitawarudia."

"Asee, Nthiwa," alisema mzee Munyao. "Kwani mtumbwi ni wa nani?"

"Ni wangu. Nimeutengeneza mimi."

"Mbao ni zako. Nguo ni za nani? Mimi nimengoja hapa miaka kumi na minne. Huyu amefika leo. Hata huko hospitali si kuna foleni?"

Hakusema kwa ubaya. Yule mume na mke walitazama chini kwa haya, lakini hawakushuka. Muthoki alikuwa ameshika kalamu mbili na rula. Nthiwa aliwatazama, akamtazama binti yake aliyekuwa akiuma ncha ya leso yake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile ya ndoo alijuta.

Ndunge ndiye aliyesimama. Alishuka majini, maji ambayo safari hii hayakumtikisa, akamshika Mutindi mkono, akamtoa mtumbwini.

"Wapeleke hawa kwanza, Baba Mutindi," alisema. "Nitabaki na mtoto."

"Na zamu yako?"

"Vuta kamba."

Alivuta. Sasa mtumbwi ulikwenda, lakini watu sita waliolowa kwa miaka mingi ni wazito, na maji yalikuwa na nguvu. Viganja vilichubuka. Hakutazama nyuma, kwa sababu kila alipotaka kutazama, mtumbwi uliyumba. Chini ya miguu yake nguo zile zilionyesha mto, na chini ya mtumbwi mto wenyewe ulipita, na hakuweza kuona tofauti.

Ng'ambo walishuka mmoja mmoja. Mume na mke waliuliza njia ya kliniki, wakaonyeshwa. Abdiaziz alitoa salamu, akashika barabara ya kaskazini. Mzee Munyao aliuliza bei ya beberu siku hizi, alipoambiwa alisimama kwanza, kisha akacheka mpaka akakohoa maji. Muthoki alikuwa wa mwisho.

"Mtihani umeanza?"

Siku hiyo ilikuwa ya mitihani kweli, ingawa ya watoto wengine. Nthiwa alitazama jua. "Geti halijafungwa," alisema. "Kimbia."

Alikimbia. Nyayo zake zilikuwa na maji hatua chache za kwanza, kisha zikawa kavu, na yule wa bodaboda alijiondoa njiani ampishe.

Nthiwa aliporudi ilikuwa imepita karibu saa nzima. Mutindi alikuwa amelala ukingoni chini ya ubao wa daraja, kwa sababu ubao ulikuwa mkubwa na ulikinga mvua, ambayo sasa ilikuwa imefika hata hapo. Mtoto alikuwa amezaliwa. Mikono ya Ndunge ilikuwa baridi kama maji ya mtungi, na ilipomgusa mtoto mara ya kwanza, mtoto alishtuka, akavuta pumzi, akalia. Wanawake waliokuwepo walisema baadaye kwamba mtoto alikuwa ametoka kimya, na kama angepokelewa na mikono yenye joto pengine angeendelea kunyamaza. Alikuwa msichana. Walimwita Mumbua, jina la waliozaliwa mvuani.

Lakini Mutindi alikuwa akitokwa na damu nyingi, na alihitaji kulazwa mtumbwini akiwa amenyooka, mtoto kifuani. Pa kukaa mtu mwingine hapakuwepo.

"Nenda," Ndunge alisema. "Nimezoea."

Aliwavusha. Bodaboda aliwapeleka, na hospitalini walipokelewa vizuri, wote wawili wakapona. Nthiwa alihakikisha wameondoka, kisha akashika kamba arudi kumchukua mkewe. Katikati ya safari mtumbwi ulikwama kwenye mchanga. Ngaani ndivyo ilivyo, hushuka kwa fujo na kuondoka bila kuaga. Saa nane mchana vilikuwa vimebaki vidimbwi na matawi, na Ndunge amekaa ukingoni amekunja miguu.

Walijaribu kwa miguu. Alitembea naye mchangani, bega kwa bega, mpaka katikati, mahali penyewe mto ulipomchukua, na hapo Nthiwa akawa anatembea peke yake. Alipogeuka, Ndunge alikuwa ndani ya mtumbwi tena, juu ya leso.

"Mimi nilitoka kuvuka maji," alisema. "Mchanga ningevuka hata bila wewe."

Mvua nyingine haikunyesha msimu huo. Wale sita hawakurudi tena jioni, na mabeseni yalipungua hadi moja. Mama yake Muthoki aliacha kuja, lakini alionekana sokoni amevaa nguo mpya. Nthiwa aliurudisha mtumbwi juu ya mapipa. Alijua kwamba siku atakayomvusha Ndunge itakuwa ya mwisho kumwona. Jioni nyingine alikagua mawingu upande wa vilima, akayakuta hayana kitu, na moyo wake ukatulia. Kisha akaona aibu, akaenda kukaza kamba ambayo haikuwa imelegea.

Mwezi wa Januari alikuja msichana wa ofisi, jina lake Yvonne, ana tableti na viatu vizuri. Alikuwa akikagua miradi iliyokamilika. Aliupiga picha ubao, akaupiga picha mtumbwi, akainama chini yake akasoma maneno ya leso, akasema ni ya ukweli kabisa.

"Mzee, hapa nauliza tu maswali kidogo. Msimu huu kuna mtu amezama hapa?"

"Hakuna."

"Poa. Msimu uliopita?"

"Mvua haikunyesha. Lakini, madam, hakuna daraja."

"Naelewa, mzee. Lakini fomu haina mahali pa kuweka hiyo. Inauliza kama watu walivuka salama."

"Walivuka saba. Wanane na mtoto."

"Basi linafanya kazi." Aliandika. Kisha akamgeukia Ndunge, aliyekuwa ameketi mtumbwini akichuruzika kwenye beseni, maana ilikuwa imeshakuwa jioni. "Shikamoo, mama. Na wewe umenufaika na mradi?"

"Mimi bado naenda hospitali," Ndunge alisema. "Kuchukua dawa za presha."

"Kwa hivyo unatumia hii njia."

"Ndiyo. Nimekuwa kwa hii njia miaka miwili sasa."

Yvonne aliomba jina, akaliandika, akampa tableti aweke kidole. Kidole kilikuwa na maji, kioo hakikukisoma. Alikifuta kwa kitambaa chake mara mbili, tatu, kisha akamwekea alama mwenyewe. Aliwashukuru wote wawili. Wiki iliyofuata alikuja fundi, akaupaka ubao rangi upya.

Jioni ile, gari la Yvonne lilipoondoka, Ndunge aliuliza, "Huyo mtoto amesema nini kuhusu daraja?"

"Amesema tulishavuka."

Ndunge aliitazama miguu yake, ule wenye kiatu na ule usio na kiatu, maji yakidondoka kutoka vidoleni. Kisha akasogea kidogo penye leso ili naye Nthiwa apate pa kukaa.